Kunyanyua Pua ya Pikapu: Somo la Wenzo na Springi

Katika gazeti letu la muhula uliopita tulijifunza habari za wenzo, na mifano yetu ilikuwa mtarimbo, toroli na kasia la mtumbwi. Baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu walisema ya kwamba mifano hiyo ni ya watoto wadogo. Basi muhula huu nawaletea wenzo ambao kila mmoja wenu amepata kubebwa nao, hata kama hakujua: mkono wa chini wa gurudumu la mbele la pikapu.

Sikulichagua somo hili kwa sababu ya kitabu. Mjomba wangu ana pikapu ya Toyota Hilux ya milango minne, ambayo huchukua mawese kutoka Ilagala na dagaa kutoka Kibirizi. Barabara kuu za mkoa wetu zimepata lami katika miaka hii, na mtu aweza kutoka Mwandiga mpaka Manyovu pasipo kumwaga chai yake. Lakini mawese hayaoti kando ya lami. Njia ya kutoka Simbo kwenda Ilagala na kuendelea mpaka Kalya ni ya udongo, na tangu mvua zianze mwezi wa Oktoba au Novemba mpaka zikome mwezi wa Mei, malori huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Tuta hilo ndilo linalokwaruza tumbo la gari dogo. Mjomba alichoka kukwama, akaenda gereji moja akaomba gari linyanyuliwe mbele kwa inchi mbili.

Mafundi walifanya jambo lililoonekana kuwa la akili. Aliomba inchi mbili. Wakakereza vipande viwili vya chuma vya unene wa inchi mbili, yaani milimita 50, wakaviweka juu ya vichwa vya shokapu, kimoja kila upande. Gari likasimama kama jogoo. Baada ya majuma saba, likiteremka mlima na shehena nyuma, boljointi ya juu ya upande wa kushoto ilikatika, gurudumu likalala, na gari likaingia mtaroni. Hakufa mtu. Lakini utingo aliyekuwa juu ya madumu alivunjika mkono, naye ni kijana aliyemaliza masomo katika shule hii hii.

Mjomba alipokuja nyumbani hakukaa hata kitini. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe wafundisha mambo haya. Niambie ninunue vyuma gani, nisije nikaua mtoto wa watu." Nikamjibu, "Mjomba, nipe juma moja nipime kwanza." Yafuatayo ndiyo niliyompelekea, nami nimeyapanga upya kwa ajili yenu.

Kwanza hatuna budi kujua gari lina miguu ya namna gani, maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Huku kwetu zapatikana namna nne. Namna ya kwanza ni ekseli nzima iliyokalia springi za bapa, jani juu ya jani, kama zilivyokuwa Land Rover za zamani na Land Cruiser za kazi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1999. Ya pili ni ekseli nzima iliyokalia springi za kuzunguka, yaani koili, kama Land Cruiser za kazi za tangu mwaka 1999, zile ambazo watu huziita mkonga kwa sababu ya bomba lao la kuvutia hewa. Ya tatu haina ekseli nzima mbele. Kila gurudumu lina mikono yake miwili, na kazi ya springi hufanywa na fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa, ambayo mafundi huiita toshenibaa. Hilux nyingi za miaka ya 1990 zina fimbo hizo. Ya nne ina mikono miwili vilevile, lakini springi ya koili imevishwa juu ya shokapu, vyote vikawa kitu kimoja. Hilux za kuanzia umbo lililotoka mwaka 2004, na lile lililofuata mwaka 2015, ni za namna hii. Ya mjomba ni hii ya nne.

Sasa tutazame tofauti moja ambayo watu wengi hawaitambui. Katika gari lenye ekseli nzima, difu ya mbele imo ndani ya ekseli, nayo ekseli yategemea urefu wa tairi tu. Weka springi ndefu kiasi upendacho, bodi litapanda juu lakini difu itabaki pale pale ilipokuwa, ikilima tuta. Kitakachoipandisha ni tairi kubwa zaidi, basi. Lakini katika Hilux ya mjomba difu imefungwa kwenye chesisi, na chesisi ikipanda, difu hupanda pamoja nayo. Kwa hiyo mjomba hakukosea kutaka springi. Alikosea kipimo tu.

Na tairi je? Tairi yenye maandishi 265/70R16 ina upana wa milimita 265, na ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 185.5. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumlisha rimu na mbavu mbili, utapata kimo cha 777.4. Tairi ya 265/75R16 kimo chake ni 803.9. Tofauti ni 26.5, lakini gari hupanda nusu yake tu, kama milimita 13, kwa kuwa nusu ya pili iko juu ya ekseli. Pesa nyingi kwa kimo cha kidole! Tena tairi hiyo yaweza kugusa madigadi unapokata kona. Tuliiacha.

Turudi kwenye wenzo wetu. Mkono wa chini umefungwa kwenye chesisi kwa bushi. Hapo ndipo egemeo. Mwisho wake wa nje pana boljointi na gurudumu. Katikati, karibu zaidi na egemeo kuliko ncha, mguu wa shokapu na springi umekanyaga. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kutoka egemeo mpaka mguu wa shokapu ni sentimita 27, na kutoka egemeo mpaka boljointi ni sentimita 45. Uwiano ni 27 kwa 45, yaani 0.6. Maana yake ni kwamba gurudumu likienda milimita 50, springi huenda milimita 30 tu. Ligeuze neno hilo: ukiongeza milimita 50 kwenye springi, gurudumu halitashuka 50, bali 50 kugawanya kwa 0.6, yaani zaidi ya milimita 83. Hivyo ndivyo inchi mbili za mafundi zilivyogeuka kuwa inchi tatu na robo. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyechora wenzo.

Katika gari halisi shokapu imelala kidogo, haikusimama wima, na kwa hiyo uwiano hupungua tena. Ndiyo sababu wauzaji wengi wa vifaa hivi husema kwa mkato ya kwamba nusu inchi ya chuma huzaa kama inchi moja ya kimo. Yeyote atakayewauzia kipande cha unene sawa na kimo mnachotaka, muulizeni kwa adabu kama amepata kuona wenzo.

Wenzo huohuo hufanya kazi kwa uzito pia. Sehemu ya mbele ya pikapu yenye injini ya dizeli, tukitoa magurudumu yenyewe, yaweza kulemea kila upande kilo 450 hivi. Springi, kwa kuwa iko karibu na egemeo, yabeba 450 kugawanya kwa 0.6, yaani kilo 750. Ikiwa springi hukubali milimita moja kwa kila kilo 10, imebonyea milimita 75. Na ugumu unaosikika kwenye gurudumu si 10, bali 10 mara 0.6 mara 0.6, yaani kilo 3.6 kwa milimita. Mara moja kwa ajili ya nguvu, mara ya pili kwa ajili ya mwendo. Msisahau ile ya pili, maana ndipo wengi huanguka katika mtihani.

Hapo tukafika kwenye swali la springi zenyewe, nalo ndilo lililochukua jioni mbili. Mjomba alikuwa ameonyeshwa springi za mbele za namna tatu: nyepesi, za wastani, na nzito. Muuzaji alimwambia, "Wewe mzee wabeba mizigo, chukua nzito." Neno hilo lasikika kuwa kweli, lakini mizigo ya mjomba iko wapi? Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Pamoja na dumu lenyewe tuseme 19. Madumu 40 ni kilo 760. Katika gari la milango minne, kitovu cha mzigo huo chaweza kuangukia sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, hasa utingo akipanga mpaka mlangoni. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma katika Hilux hii ni milimita 3,085. Chukua kanuni ya mizani: 760 mara 0.3, gawanya kwa 3.085, utapata kilo 74. Hizo si kilo zinazoongezwa mbele. Ni kilo zinazoondolewa mbele! Shehena ya mawese huinua pua, kama mtoto mnene anavyoinua mwenzake katika pembea ya ubao. Springi nzito za mbele zingemfanya mjomba aruke kama mpira kila anapobeba mzigo, na usukani ungekuwa mwepesi ambapo unatakiwa uwe na uzito. Anayehitaji springi nzito mbele ni yule aliyefunga vyuma mbele.

Mjomba naye amefunga. Bampa lake la chuma lina kilo 60, nalo limening'inia sentimita 80 mbele ya ekseli. Kwa kanuni ileile, ekseli ya mbele hulemewa na kilo 60 mara 3.885 kugawanya kwa 3.085, yaani karibu kilo 76. Uzito hata umezidi ule wa bampa lenyewe, kwa sababu nyuma imepunguziwa. Kila gurudumu limeongezewa kilo 38. Gawanya kwa 3.6, pua imeshuka milimita 10 na nusu. Kwa hiyo namna inayomfaa ni ya wastani, iliyotengenezwa kwa gari lenye bampa la chuma lakini halina winchi.

Tena springi ngumu, hata ikiwa na urefu uleule, hunyanyua gari yenyewe kwa kukataa kubonyea. Springi ya kilo 12 kwa milimita, chini ya kilo 750, hubonyea 62.5 badala ya 75. Tofauti ya 12.5 kwenye springi ni kama milimita 21 kwenye gurudumu. Kwa hiyo mtu anayenunua springi nzito na kipande cha kunyanyulia pamoja, asipofanya hesabu, hupata kimo mara mbili. Chagua njia moja.

Shokapu sasa. Wengi hudhani kwamba shokapu hubeba gari. Haibebi. Kazi yake ni kuichosha springi isiendelee kucheza, na nguvu inayoichukua huigeuza kuwa joto. Njia yenye mawimbi kama bati huifanya ichemke, na mafuta yake yakichemka hupoteza nguvu. Ukipapasa shokapu mara baada ya safari ya Ilagala utayajua haya kwa kidole. Kinachotuhusu zaidi ni urefu. Gurudumu la mbele tuseme lina safari ya milimita 180 kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, na gari lisimamapo limebakiza 80 za kushuka. Ukinyanyua gari milimita 50 kwa springi, ukaacha shokapu ya zamani, zimebaki 30 za kushuka. Kila shimo, shokapu hufika mwisho wake na kugonga, ko! Hatimaye hupasuka. Ndiyo maana springi ndefu yataka shokapu iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kile kipande cha chuma juu ya shokapu kina ubaya wa kinyume chake. Shokapu yenyewe haijui kwamba gari limenyanyuliwa. Bado ina safari yake yote. Lakini safari hiyo yote imesogezwa chini, hata gurudumu likining'inia, mikono hushuka kuliko ilivyokusudiwa na mtengenezaji. Boljointi ya juu ina kikombe na shingo. Mkono ukishuka mno, shingo hugonga mdomo wa kikombe. Mara moja si neno. Lakini njia ya Ilagala ina mashimo mangapi? Kwa milimita 83 shingo ile ilikuwa ikigongwa kila shimo kwa majuma saba, ikapata ufa, ufa ukala chuma, mpaka siku ya mteremko. Nimeishika mkononi: nusu ya mkato ilikuwa nyeusi ya zamani, nusu yang'aa ya siku ile. Ninayo katika kabati ya chumba cha fizikia, na atakaye aje aione.

Je, tununue mikono mipya ya juu, ile iliyokunjwa ili kuipa boljointi nafasi? Mikono hiyo ina faida mbili. Huiokoa boljointi, na tena hurudisha nyuma kidogo kichwa cha mhimili wa gurudumu. Nieleze hilo la pili. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: umelala, haukusimama wima. Kulala huko mafundi hukuita kasta, na ndiko kunakofanya gurudumu lirudi sawa ukiachilia mikono. Pikapu ikinyanyuliwa, kasta hupungua, na gari huanza kutangatanga barabarani kama ng'ombe asiye na mchungaji. Lakini kwa kimo cha inchi mbili au pungufu, mikono ya asili ya Hilux hii kwa kawaida huvumilia, na kasta iliyopotea yaweza kurudishwa kwa boliti zenye yai zilizopo kwenye mkono wa chini. Nilimshauri mjomba asinunue mikono, ila ashushe tamaa yake mpaka milimita 40. Pesa iliyobaki tuliitumia kwa jambo lisilo na fahari: bushi zote, boljointi zote nne na tairodi endi. Springi mpya juu ya bushi zilizokufa ni kama kanzu mpya juu ya mwili usiooga.

Bado kuna fimbo inayopeleka nguvu kutoka difu mpaka gurudumu. Kati ya sivijointi zake mbili tuseme pana sentimita 45. Ukinyanyua milimita 50, fimbo hulala zaidi kwa nyuzi 6 na kidogo. Kwa milimita 83, zaidi ya nyuzi 10. Mikunjo ya mpira wake husuguana, hupasuka, vumbi jekundu huingia kwenye grisi, na grisi yenye vumbi ni msasa. Kwa milimita 40 hatukuona haja ya kuishusha difu, ingawa wapo wanaoishusha. Na kuishusha difu ni kurudisha kwa mkono wa kushoto kile ulichochukua kwa wa kulia, maana ndiyo iliyokuwa ikilima tuta.

Wenye magari ya namna nyingine nitawapa maneno machache. Mwenye mkonga akiweka koili ndefu kwa milimita 50, mikono inayoishika ekseli, ikiwa na urefu wa kama sentimita 90, huizungusha ekseli nyuzi 3 na kidogo, na kasta hupotea kiasi hicho. Anunue bushi za upande mmoja mnene, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuirudisha. Aitazame na ile fimbo ya mshazari iitwayo ya Panhard, kwa maana huisogeza ekseli upande. Mwenye toshenibaa hana haja ya kununua kitu ili apande. Boliti moja hukazwa na pua hupanda. Lakini asidanganyike kwamba fimbo imekuwa ngumu. Imegeuzwa tu mahali pake pa kuanzia, na safari ya kushuka imepungua. Akitaka ugumu, anunue fimbo nene, wala isiwe nene sana: ugumu hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, hata fimbo iliyozidi kwa sehemu moja ya kumi huwa ngumu kwa asilimia 46.

Tulifunga vyuma siku ya Jumamosi, nami nikaja na wanafunzi sita. Kabla ya kufungua tulipima kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa mahali tambarare, tangi limejaa, upepo wa tairi sawa. Usipime kutoka ardhini, maana utapima na tairi. Boliti za bushi hatukuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Tulilishusha kwanza likakaa kwa uzito wake, ndipo tukakaza, kwani mpira wa bushi ukikazwa umening'inia utakaa umejisokota maisha yake yote. Tuliangalia bomba la breki kwamba halikuvutika, tukiwa tumekata usukani mpaka mwisho kila upande. Mwishowe tulipima kwa uzi na futi jinsi pua za magurudumu zinavyoelekeana, tukazisawazisha kwa tairodi, ili gari lifike salama kwenye mashine ya kupimia.

Kushoto gari lilipanda milimita 41, kulia 38. Mjomba aliuliza kwa nini hazilingani. Nikamwambia aketi mahali pake pa dereva, tukapima tena.

Maswali

1. Pikapu ina mkono wa chini wa sentimita 48, na shokapu imekanyaga sentimita 24 kutoka egemeo. Mwenyewe anataka gari lipande milimita 40. Springi iongezwe kiasi gani?

2. Utingo amehamisha madumu 40 ya mjomba, kitovu chake kikawa sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma. Je, ekseli ya mbele imeongezewa au imepunguziwa uzito, na kwa kilo ngapi?

3. Dereva wa kilo 80 amekaa upande wa kulia, mahali ambapo gurudumu la mbele la kulia huongezewa kilo 25. Kama springi ina kilo 10 kwa milimita na uwiano ni 0.6, upande huo utashuka kiasi gani? Kisha eleza ni springi ipi ungeichagua kwa upande wa dereva.

Majibu yaletwe katika chumba cha fizikia kabla ya wiki ya mitihani. Atakayetaka kupima kwa gari badala ya karatasi, mjomba huwa Kibirizi kila Jumanne asubuhi, naye amekubali.